Utubora Mkulima na Miteremko ya Mgeta

Kitabu cha Utubora Mkulima cha marehemu Shaaban Robert kilipigwa chapa mwaka 1968, miaka sita baada ya mwandishi wake kufariki dunia, na mwaka mmoja tu baada ya Azimio la Arusha. Tarehe hizi zimekitendea kitabu jambo ambalo mwandishi hakulikusudia. Kilipofika mikononi mwa wasomaji, nchi nzima ilikuwa ikisema habari za jembe, kujitegemea na maisha ya vijijini, na yule mtu wa ofisini aliyemwacha tajiri wake Ahmed akaenda kulima Busutamu alionekana kana kwamba ametumwa na chama. Toka hapo kitabu kimefundishwa aghalabu kama waadhi wa kilimo. Mwalimu huuliza, Utubora atufunza nini? Mwanafunzi hujibu, kilimo ni uti wa mgongo. Mtihani hupita, kitabu hufungwa.

Jibu hilo lakipunja kitabu, na lampunja mkulima vile vile. Katika makala haya nataka kukipima kitabu, si kwa kukilinganisha na vitabu vingine, bali kwa kukipeleka mahali palipo na udongo, mvua na historia. Mahali hapo ni Mgeta, upande wa magharibi wa milima ya Uluguru, katika mkoa wa Morogoro. Nimepachagua kwa sababu mambo manne ambayo Utubora ayatolea rai, au ambayo wasomaji wake huyatolea rai kwa niaba yake, yaani zana, kazi, serikali na maumbile ya nchi, yamekutana huko waziwazi, tena zaidi ya mara moja.

Kwanza na tumtazame mwandishi. Shaaban Robert hakuwa mkulima. Alikuwa mtumishi wa serikali tangu 1926, alipoanza kazi katika idara ya forodha. Baadaye akawa katika idara ya mifugo huko Mpwapwa, na katika miaka ya 1950 alikuwa katika ofisi ya upimaji wa ardhi mjini Tanga. Ni jambo la kufikirisha kwamba mtu aliyeketi miongoni mwa ramani alibuni shamba lisilokuwamo katika ramani yo yote. Busutamu ni jina la fumbo kama Kusadikika lilivyo jina la fumbo. Mtu hulisikia sikioni kabla hajaiona nchi yenyewe. Ni shamba lililoonwa kutoka dirishani mwa ofisi, na mtu wa ofisini huona mbali kwa sababu hana la kushika karibu. Sisemi hivyo kwa kumkejeli. Hamu ya karani ni hamu ya kweli, na fasihi yetu haina mwandishi mwingine aliyeieleza kwa heshima kama hiyo.

Hamu hiyo haikufa pamoja na mashine za kupiga chapa. Katika semina moja wanafunzi wangu walibishana Utubora wa leo angekuwa nani, wakakubaliana kwamba angekuwa fundi wa kompyuta wa Dar es Salaam, yule afanyaye kazi kwa mkataba wa miezi sita sita, leo katika benki, kesho katika wizara, asiye na pensheni wala dawati lake mwenyewe. Nilikubaliana nao mara moja. Huyu naye ana rai zake, na rai hizo zafanana mno kwa kila fundi utakayemsikiliza. Ufundi wa kisasa, asema, wamweka mtu huru. Kazi njema ni ile isiyo na bwana. Serikali ni kizuizi, na ikikaa kando watu watajiendea vema. Maumbile ya nchi ni tiba ya macho yaliyochoka kutazama kioo. Ndipo aongezapo, kwa sauti ya chini kidogo, kwamba mkataba wa mwisho ukiisha atatafuta ekari mbili mahali penye baridi. Mara nyingi mahali hapo pa baridi ni Uluguru, kwa kuwa ni karibu na mji na picha zake ni nzuri.

Basi na apande. Kutoka Sangasanga, karibu na Mzumbe, barabara yapanda kwenda Langali na Nyandira, na katika masika yaweza kumkawiza mpandaji muda wa kutosha kuzitafakari rai zake tena. Akifika ataona miteremko mikali iliyochongwa ngazi kwa ngazi, yenye kabichi, karoti, njegere na viazi, na miti ya matunda ya baridi ambayo mtu wa pwani hawezi kuidhania. Atasema, tazama mkono wa mkulima ulivyopatana na mlima. Kusema hivyo ni kukosea, ingawa ni kosa la heshima. Katika ngazi hizo mkono wa serikali umo pia, nao uliingia kwa nguvu.

Mwaka 1950 serikali ya Tanganyika ilianzisha mpango wa matumizi ya ardhi ya Uluguru. Hofu yake haikuwa ya uongo. Mvua ilikuwa ikiuosha udongo wa milimani, na mito ya huko ndiyo iulishayo mto Ruvu, ambao Dar es Salaam hunywa maji yake hata leo. Dawa iliyochaguliwa ilikuwa matuta ya ngazi, na dawa hiyo ililazimishwa kwa amri. Asiyechimba alikuwa na la kujibu barazani. Lakini ngazi si kitu cha kuchimbwa po pote. Katika sehemu nyingi za Uluguru udongo mzuri ni tabaka jembamba. Ukichimba ngazi waufukia udongo huo na kuutoa juu ule wa chini usio na rutuba, na mahindi hudumaa. Watu walitoa jasho lao wakapata mavuno haba kuliko ya kwanza. Mwezi wa Julai 1955 ghasia zilizuka Matombo, upande wa mashariki wa milima. Polisi walipiga risasi, mtu mmoja akauawa, na mwaka huo huo mpango ukaachwa.

Mgeta, hata hivyo, ngazi zilibaki. Wajuzi wa historia hiyo wametoa sababu ambayo mimi naiona kuwa na maana kubwa kwa mhakiki wa kitabu chetu. Mgeta palikuwa na mboga, na mboga zilikuwa na soko. Ngazi yenye maji ya mfereji na samadi, iliyopandwa kitu kinunuliwacho mjini, ililipa jasho la mchimbaji. Ngazi ya mahindi pale Matombo haikulipa. Zana ilikuwa moja na amri ilikuwa moja. Kilichotofautiana ni udongo, maji na bei.

Hapa ndipo rai za Utubora, na za fundi wetu wa mkataba, zapatapo mtihani ambao Busutamu haikuwapa. Katika Busutamu kazi ya mikono yatosha kuwa jibu: mtu akitoka ofisini kwa nia safi, akashika jembe kwa bidii, ardhi humpokea. Matombo watu walishika jembe, bidii ikawapo, wala ardhi haikuwapokea. Kumwambia mtu wa Matombo wa mwaka 1954 kwamba kazi ya shamba humtukuza mtu ingekuwa dhihaka. Kazi aliyoifanya ilimdhili, maana haikuwa yake. Tofauti ya kazi itukuzayo na kazi idhilishayo haimo katika jembe wala katika kalamu. Imo katika swali la nani aliyeamua, na nani atakayekula. Nashikilia kwamba kitabu kinalijua swali hili, lakini kinaliuliza ofisini tu, mbele ya Ahmed; kikifika shambani kinalisahau.

Mtu aweza kunijibu kwamba Shaaban Robert hakuisahau serikali, na kwamba Kusadikika ni ushahidi. Kweli, na tarehe za mkutano huu zashangaza. Kusadikika kilitoka mwaka 1951, wakati ngazi za Uluguru zikichimbwa. Humo Karama ashtakiwa na waziri Majivuno, naye katika kujitetea aeleza habari za wajumbe sita waliotumwa nchi za mbali wakarudi na maarifa mema, nao wakalipwa gereza. Serikali ya Kusadikika ina kosa la kuyakataa maarifa. Serikali ya Uluguru ilikuwa na kosa la pili, ambalo fasihi yetu ya wakati huo haikuliona: ilikuwa na maarifa, yamkini hata na nia njema, ikayapeleka kwa amri bila kuuliza udongo. Nani angekuwa Karama katika kesi hiyo? Bwana shamba aliyejua hesabu ya mmomonyoko, au mwanamke wa Matombo aliyejua kina cha udongo wake? Sioni jibu rahisi, na natamani mwandishi wetu angelijaribu. Alikuwa na uwezo huo, na alikuwa ndani ya idara za serikali ile ile.

Juu ya zana nitasema machache, kwa kuwa Mgeta yenyewe yasema. Katika miaka ya 1980 Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo kilipeleka huko mbuzi wa maziwa wa asili ya Norwei. Hapakuwa na baraza la kumshtaki asiyefuga. Walioona faida walifuga, na mbuzi wakaenea, wakitoa maziwa na samadi kwa zile ngazi. Kadhalika mipira ya maji imeenea, ikishusha maji ya mlimani hadi mashambani bila injini, kwa uzito wa maji yenyewe. Simu ya mkononi nayo imefika, na mkulima wa Nyandira aweza kuuliza bei ya Dar es Salaam kabla ya kuvuna. Fundi wetu atafurahi kusikia hilo. Ndilo ushahidi wake mkubwa. Walakini na atazame gunia. Mnunuzi afikapo na lori hudai lumbesa, yaani gunia lililojazwa likafura, likaongezwa kichwa cha kamba juu ya mdomo wake, na kulipiwa kama gunia moja. Sheria ya vipimo yakataza jambo hilo. Simu humwambia mkulima bei ya gunia. Haimwambii mnunuzi gunia ni nini. Kwa hilo mkulima ahitaji mtu wa serikali mwenye mizani, tena aliye papo hapo barabarani, wala si aliyekaa kando kama fundi apendavyo. Watu hao hao ambao baba zao waliikimbia amri ya ngazi, leo waweza kuilalamikia serikali kwa kutokuwapo kwake. Hakuna mgongano katika hayo mawili.

Na maumbile ya nchi? Misitu ya juu ya Uluguru ilitangazwa kuwa hifadhi ya mazingira asilia mwaka 2008. Mgeni huiona kama pazia la kijani. Mwenyeji huiona kama chanzo cha maji yake, na pia kama mpaka asioruhusiwa kuuvuka kwa panga. Utubora hupenda maumbile kama mtu apendavyo rafiki asiyemdai kitu. Mpenzi wa namna hiyo yampasa kuishi mahali pa tambarare.

Liko jambo jingine, na kwangu ndilo zito kupita yote, ambalo darasani hupitwa. Kwa desturi ya Waluguru ardhi ni ya ukoo, na ukoo hufuatwa kwa upande wa mama. Mwanamume hulima katika ardhi ya ukoo wa mama yake, au ya mkewe, au huomba kwa ukoo mwingine. Kuomba hako kana adabu zake na mipaka yake. Apewaye mahali pa kulima maharage hajapewa ruhusa ya kuchimba kitu cha kudumu, kwa maana kitu cha kudumu huzua swali la mwenye mahali. Hiyo nayo ilikuwa sababu mojawapo ya watu kuzionea shaka ngazi za mwaka 1950. Sasa mfikirie Utubora, au fundi wetu mwenye akiba ya mikataba mitatu, akifika Mgeta kutafuta utulivu. Swali la kwanza atakaloulizwa halitahusu bidii yake. Ataulizwa mama yake ni nani, na kama si wa huko, ni nani atakayemsemea. Uhuru alioufuata waanza kwa kuomba, na huenda mwombwaji akawa bibi mzee ambaye hana haja ya kusikia rai zake juu ya ofisi.

Baada ya kukilaumu kitabu kiasi hicho, yafaa niseme kwa nini ningali nakifundisha. Sehemu yake iliyo hai ni ile ya kuacha kazi. Ahmed hapendi kumpoteza mtumishi wake, na Utubora aondoka bila tusi, bila deni, kwa hiari yake. Katika nchi iliyotawaliwa, ambamo Mwafrika wa ofisini alitazamiwa kushukuru kwa kupata kiti, mtu mweusi kukirudisha kiti kwa adabu lilikuwa jambo zito kuliko kilimo cho chote. Shaaban Robert mwenyewe aliutumikia utumishi wake kwa zaidi ya miaka 30. Alimpa Utubora alichokuwa akikitazama kwa mbali, na pengine ndiyo maana maneno ya kuaga yana pumzi, na mashamba ya Busutamu yamepakwa rangi moja.

Mwaka huu nimewapa wanafunzi kitabu hiki pamoja na kile cha Roland Young na Henry Fosbrooke juu ya ardhi na siasa za Waluguru, kilichotoka mwaka 1960. Nimewaomba waandike barua ya Utubora ya kuomba shamba kwa mkuu wa ukoo wa Mgeta. Barua kumi na nne zimekwisha kuletwa. Kumi na moja zaeleza kwa kirefu kwa nini mwombaji ameichoka ofisi. Tatu tu ndizo zilizouliza maji ya mfereji hupita zamu ya nani.