Kiramba na Gunia: Nguo kama Matini katika Mashariki ya Kongo

Nguo iliyozoeleka katika uhakiki wa Kiswahili ni kanga. Imeandikiwa mengi, na kwa haki, kwani ina jina lililochapwa pindoni, na mtu wa fasihi huona raha penye maneno. Nguo isiyo na maneno hupita bila ya kusomwa. Ndivyo vilivyopatwa viramba vya Maniema.

Aliyesoma Maisha ya Hamed bin Muhammed el Murjebi, yaani Tippu Tip, yaliyochapishwa na Heinrich Brode mwaka 1902 na 1903, amekwisha kukutana navyo. Ni vitambaa vilivyofumwa kwa nyuzi za mwale, na katika matini hiyo vinaingia kama mali, pamoja na mali nyingine. David Livingstone, ambaye vidonda vya miguu vilimweka Bambarre, ndiyo Kabambare ya leo, tangu katikati ya 1870 hadi mwanzoni mwa 1871, aliandika kwa sikio lake neno linalokaribiana sana na hilo: lamba. Mmoja alikuwa mfanyabiashara aliyejenga enzi yake Kasongo, wa pili mmisionari aliyeichukia biashara ile ya watumwa. Hata hivyo wote wawili wanaitazama nguo kutoka upande wa mpokeaji. Mfumaji hana kauli.

Ufundi wenyewe, lakini, una mengi ya kusema. Uzi wa mwale hausokotwi kama pamba. Huchanwa kutoka jani changa na kufumwa ulivyo. Kwa hiyo urefu wa jani ndio urefu wa mtande, na hakuna fundi awezaye kuuzidi. Kitambaa kimoja ni kidogo. Atakaye vazi la heshima hana budi kuunganisha vitambaa, na mshono unakuwa sehemu ya umbo la nguo, si jambo la kufichwa. Kwa jirani zao wa magharibi, Wakuba wa Kasai, wanaume hufuma na wanawake hutarizi juu yake, hata kitambaa kimoja kikawa na mikono miwili. Mhakiki aliyezoea kutenga fani na maudhui angefanya vyema kukaa kidogo na nguo ya namna hii, ambayo kuunganishwa kwake ndiyo habari yake.

Merikani na kaniki za misafara zilikuja na kipimo kingine: pande refu, lisilo na mwisho wa jani, la kukatwa kwa dhiraa. Kasongo ilipotekwa na majeshi ya Dhanis mwezi wa Aprili 1893, enzi ya Waungwana ilivunjika, lakini kanzu, kofia na lugha vilibaki. Nguo ya kigeni nayo ilibaki. Sindano ilipata shule mpya, ile ya wamisioni, ambako wasichana wa Kongo walifundishwa kutarizi maua kwenye vitambaa vya meza. Mtu anaweza kuyadharau maua hayo. Ndiyo, hata hivyo, yaliyompa mkono Lucie Kamuswekera.

Bibi huyu si mtu wa Maniema; kazi yake imekua Kivu, kaskazini zaidi. Anastahili kusomwa pamoja na Kasongo na Kabambare kwa sababu ametwaa ujuzi wa kitambaa cha meza na kuupeleka juu ya gunia kuukuu, akatarizi humo historia ya Kongo: ukoloni, kuuawa kwa Lumumba mwaka 1961, na vita vya mashariki. Wengi wanaomsifu husifu matukio, kana kwamba sindano ni kalamu tu iliyokosa wino. Huo ni usomaji wa nusu. Gunia ni kinyume cha kiramba. Kiramba kilikuwa thamani yenyewe. Gunia hubeba thamani na kwenda nayo, kisha hurudi tupu. Kutarizi juu ya gunia ni kulikataza lisiondoke tena. Aidha, mfumo wake ni mpana, nyuzi zake zinaonekana, na mtu aliyetariziwa hapo hawezi kuwa laini: anakuwa na pembe, anasimama wima, uso wake ni mishono michache. Ukakamavu huo unasema juu ya kifo jambo ambalo picha laini isingeliweza.

Maneno yaliyotariziwa kando ya watu hao ndiyo mtihani. Yanapotaja mahali au mtu, yanafanya kazi ya jina la kanga, yakiivuta picha upande usiotarajiwa. Yanapoeleza upya kile ambacho uzi umekwisha kukionyesha, gunia linageuka ubao wa darasa, na jicho linaacha kufanya kazi.

Kusini mwa Maniema kulipita uasi wa Simba wa 1964, na vita vya 1998 hadi 2003. Hadithi ya Kasongo inayosomwa zaidi vyuoni, hata hivyo, ingali ile ya mtu aliyepokea viramba. Mwanafunzi wa tasnifu anayetafuta mada angeweza kuanza hapo: achukue sura za Tippu Tip zinazohusu Maniema, aorodheshe kila panapotajwa nguo, na aulize kila mara ni mkono wa nani ulioitanda mitande ile.