Pipa Linalozunguka Polepole

Udongo mweusi wa Kitengela ni mlafi. Kiangazi hupasuka nyufa za kuingiza mkono, masika huvimba na kuziba, na sarafu iliyomponyoka mtu sokoni Noonkopir hushuka na ufa hadi siku kifaa cha kutambua metali kitakapolia juu yake, au sururu ya mchimba msingi itakapoifukua. Ikitoka huwa donge tu, udongo na kutu ya kijani vimeshikana. Mwenye haraka atachukua msasa, au asidi ya betri, na baada ya dakika chache atakuwa na kisahani kinachong'aa kisicho na maandishi wala sura. Ndiyo maana nalisifu pipa dogo la kujiundia, linalozunguka na maji na changarawe: fundi anayeliunda hatafuti nguvu, nguvu anazo tayari. Anatafuta namna ya kuzizuia.

Tazama linavyokaa. Mwili ni kipande cha paipu ya plastiki ya inchi 4 chenye vifuniko pande zote mbili, na kinachokizungusha ni mota ya waipa iliyotolewa kwenye gari bovu, ya volti 12, ambayo kwa gia zake za ndani huenda mizunguko 40 hadi 60 hivi kwa dakika. Mwendo huo unafaa mno. Pipa la upana huo likifikia mizunguko kama 130, kila kitu hubanwa ukutani na hakuna kinachosugua kingine; likienda taratibu kupita kiasi, mzigo huteleza chini kama gunia, sarafu zikisuguliwa upande mmoja. Katikati hapo changarawe hupanda ukuta, huporomoka, na kutiririka juu ya sarafu. Ili ipande vizuri, fundi hugundisha ndani vipande vya tyubu ya baiskeli kwa urefu wa paipu. Kisha hujaza nusu au zaidi kidogo, na kusikiliza. Mvumo wa mfululizo, kama mvua ya wastani juu ya mabati, ni dalili njema. Kukisikika kugonga, pipa ni tupu mno na sarafu zinaumizana. Azime, aongeze changarawe.

Hata hivyo ufundi mkubwa zaidi hutangulia swichi, nao ni kuchambua. Sarafu za shaba haziingii pamoja na zile nyeupe zenye nikeli, kwa kuwa nyeupe hutoka na wekundu usiofutika kirahisi. Zile za miaka ya karibuni zenye chuma ndani na tabaka jembamba juu, kutu ikishatoboa tabaka hilo, pipa litalimenya lote. Siki nayo isitiwe kamwe kwenye pipa lililofungwa, maana asidi hutoa gesi na kifuniko kinaweza kumrukia mtu usoni. Wako watakaouliza kuhusu magadi, na swali lao lina uzito, kwa sababu Ziwa Magadi lenyewe liko Kajiado hiihii ilipo Kitengela, na magadi ghafi ni jamii moja na chumvi ambayo wahifadhi wa mambo ya kale huloweka shaba ndani yake ili kutoa kloridi inayoila polepole. Lakini magadi ya sokoni huja na chumvi ya kawaida, yaani kloridi ileile inayofukuzwa. Yabaki kwenye maharagwe. Matone mawili ya sabuni ya vyombo yanatosha.

Wakusanyaji wa sarafu wana pingamizi zito zaidi: kwao kusafisha ni kuharibu. Kwa sarafu za kale nakubaliana nao bila masharti. Mwaka 1984, Mtambwe Mkuu kisiwani Pemba, kulifukuliwa sarafu za fedha zaidi ya 2,000, ndogo na nyembamba, zenye majina ya watawala; pipa lolote lingefuta majina hayo. Sheria ya Kenya ya mwaka 2006 kuhusu makavazi na urithi huhesabu kitu kilichotengenezwa kabla ya 1895 kuwa cha kale, na mahali pake ni makavazi, kikiwa na udongo wake wote. Lakini pingamizi hilo halifiki kwenye senti kumi yenye tundu, iliyotolewa kwa wingi na Bodi ya Sarafu ya Afrika Mashariki, iliyoundwa 1919. Nyingi hazina bei ya kuogopea. Zina mwaka tu, na mwaka huo hausomeki chini ya donge. Anayeiacha hivyo hajahifadhi chochote, ameficha.

Kwa hiyo fundi mzuri hufungua pipa mapema na mara nyingi. Humwaga changarawe kwenye chekecheo, huosha senti kumi kwa maji safi, na kuinamisha kwenye mwanga: tundu limezibuka, pembe za ndovu zimeonekana kandokando yake, tarakimu tatu za mwaka ziko wazi na ya nne bado ina weusi. Bado rangi ya hudhurungi imelala juu ya shaba, wala hataki kuiondoa. Huirudisha kwa robo saa nyingine, kwa ajili ya tarakimu ile ya nne.