Namba Kabla ya Vidole

Anayeitazama EFT, njia ya kutuliza hofu kwa kugonga sehemu za mwili, kwa mara ya kwanza huona vidole tu. Cha shahada na cha kati vinagonga ukingo wa kiganja cha mkono mwingine, kisha mwanzo wa nyusi, pembeni mwa jicho, chini ya jicho, kati ya pua na mdomo, kidevuni, chini ya mtulinga, ubavuni chini ya kwapa, na mwisho utosini. Kila mahali mara tano, mara saba, taratibu, kama mtu anayebisha hodi kwenye nyumba yenye mtoto aliyelala. Hayo yanafundishika kwa muda mfupi. Ustadi uko kwingine.

Kabla ya kugonga popote, fundi huomba namba. Hofu hii, kutoka 0 hadi 10, sasa hivi iko ngapi? Kipimo cha namna hiyo kilitokana na Joseph Wolpe, daktari wa akili mzaliwa wa Afrika Kusini aliyewatibu watu hofu zao hatua kwa hatua. Baada ya namba huja kazi ninayoistahi kuliko zote, ya kutafuta maneno. Mwanafunzi akisema anaogopa mtihani, fundi haridhiki. Hofu inakaa wapi mwilini? Kifuani. Inabana lini zaidi? Wanaendelea hivyo, bila haraka, mpaka wanafika kwenye sauti ya msimamizi ikitangaza kwamba zimebaki dakika tano. Hapo pana kitu cha kushika. Mwanafunzi anagonga ukingo wa kiganja huku akisema: ingawa kifua kinanibana nikiisikia sauti hiyo, najikubali nilivyo.

Sentensi hiyo haimfokei mtu aache kuogopa, wala haimdanganyi kwamba haogopi. Wangapi kati yetu tuliwahi kuambiwa sentensi ya namna hiyo utotoni?

Mzunguko ukiisha, anavuta pumzi ndefu na kuulizwa namba tena. Ilikuwa 8, sasa ni 5. Fundi hodari hashangilii. Anauliza hiyo 5 iliyobaki ni ya nini. Pengine sauti ya msimamizi imeshafifia na sasa kinachouma ni uso wa baba akipokea matokeo. Basi sentensi inabadilika, na vidole vinaanza upya.

Njia hii ilianza Marekani. Roger Callahan, mwanasaikolojia, alikuwa akimtibu mwanamke aliyeogopa maji, na hofu yake ikimkaa tumboni. Callahan alikuwa amesoma tiba ya Wachina, ambayo huhusisha sehemu iliyo chini ya jicho na tumbo, akamwambia agonge hapo. Baadaye alitunga mipangilio mingi ya kugonga, kila tatizo na wake. Mwanafunzi wake Gary Craig, mhandisi, aliikusanya katika miaka ya 1990 kuwa mzunguko mmoja wa kutumika kwa kila hofu. Kurahisisha hivyo bila kupoteza kiini ni kazi ya mtu anayejua anachokipunguza.

Watafiti wengi hawakubali kwamba kuna njia za nguvu chini ya ngozi, kama tiba ya Wachina inavyosema. Wanasema nafuu inatokana na kuikabili hofu ukiwa umetulia. Mimi naona maelezo hayo yana uzito, na hayapunguzi heshima ya ufundi huu. Katika utafiti wa mwaka 2012 uliohusisha watu 83, homoni ya kotisoli ilishuka kwa takriban asilimia 24 kwa waliofanya EFT, na kama asilimia 14 kwa waliozungumza na mshauri au kupumzika tu.

Lakini kinachonigusa zaidi ni Rwanda. Huko, viongozi wa jamii walifunzwa njia ya Callahan, wakawahudumia kwa Kinyarwanda manusura wa mauaji ya kimbari ya mwaka 1994. Utafiti uliochapishwa mwaka 2011 uliwagawa kwa bahati nasibu watu wazima 145, wengine wakahudumiwa mara moja na wengine wakasubiri zamu. Waliohudumiwa walipata nafuu kubwa kuliko waliosubiri. Nao waliosubiri, zamu yao ilipofika, wakaipata. Walipopimwa tena baada ya miaka 2, nafuu hiyo ilikuwa bado ipo.