Mtazame Kabla Mpira Haujamfikia

Jumapili ya tarehe 17 Agosti 2025 mji wetu wa Matuu haukupumzika. Alasiri Harambee Stars ya Kenya iliifunga Zambia 1-0 pale Kasarani kwenye mashindano ya CHAN, wiki moja tu baada ya kuilaza Morocco kwa bao moja vilevile, ikiwa na watu kumi kipindi chote cha pili. Jioni, sauti zikiwa bado zimekauka kwa kushangilia, tukajibana kwenye mabenchi ya ukumbi wa vidio kuitazama Arsenal ikiingia Old Trafford na kiungo wake mpya, Martín Zubimendi, aliyesajiliwa mwezi uliotangulia kutoka Real Sociedad. Dereva mmoja wa bodaboda alisimama, simu mkononi, akatangaza kwamba ametazama video zote za huyu Mhispania na hajaona chenga hata moja ya maana. "Huyu ni wa kurudisha mpira nyuma tu," akasema. Kisha akanigeukia mimi, kwa kuwa mvi zangu hunipa cheo nisichokiomba. "Ama wewe, mzee, unaona nini?"

Mechi ilikuwa inaanza, kwa hiyo sikumjibu. Majibu yangu ni haya, na yatamfaa pia shabiki wa Gor Mahia au wa Yanga, maana kazi ya katikati ni ileile kila mahali.

Kiswahili kimempa mchezaji huyu jina zuri kuliko lugha nyingi. Kiungo ni kile kifundo kinachoshikanisha mfupa na mfupa, na pia ni kile kinachotiwa chunguni ili chakula kipate ladha. Hakuna anayekaa mezani akala bizari peke yake. Sisi wa huku Yatta tuna mfano mwingine wa karibu zaidi: mfereji. Ulichimbwa miaka ya 1950 kwa nguvu za wafungwa wa Hali ya Hatari, na hadi leo ndio unaoleta maji ya mto Thika kwenye mashamba yetu. Mnunuzi wa maembe husifu embe. Hajawahi kuja mtu wa soko akausifu mfereji, lakini ukikauka wiki mbili tu kila mtu hujua ulikuwa wapi.

Real Madrid walilijua hilo kwa gharama. Mwaka 2003 walimwachia Claude Makélélé aende Chelsea, majira yaleyale walipomleta David Beckham. Misimu mitatu iliyofuata hawakuliona taji la ligi ya Hispania, na Chelsea wakachukua la Uingereza mwaka 2005 na 2006. Manchester City nao, baada ya mataji manne mfululizo, walimpoteza Rodri kwa jeraha la goti Septemba 2024, wakamaliza msimu ule nafasi ya tatu. Ukumbi mzima wa Matuu ulikuwa unamfuata Haaland, mfungaji wao. Nusu yake hawakujua jina la mtu aliyekuwa nyuma yake mpaka alipoondoka uwanjani akiwa ameumia.

Sasa tuingie kazini. Jambo la kwanza, na kwangu mimi ndilo zito kuliko yote, ni shingo. Mpira ukiwa bado uko njiani kumwendea, je, kiungo anageuza kichwa? Mzuri huchungulia begani mara mbili, mara tatu, kama mtu anayevuka barabara ya Garissa na matatu zinakuja pande zote. Anapoupokea, tayari ana ramani. Mbovu hutazama mpira peke yake, akaukumbatia kwa mguu, kisha ndipo anauliza dunia ikoje. Kufikia hapo amekwisha kuzungukwa. Profesa mmoja wa Norway, Geir Jordet, amechunguza tabia hii kwa miaka mingi, na Xavi wa Barcelona ndiye mfano unaotajwa mara nyingi: kichwa chake hakikutulia. Lakini huhitaji profesa. Chagua dakika tano, msahau kila mtu mwingine, mhesabu yeye. Usipoona shingo ikigeuka, mrudishe sokoni.

Tatizo ni kwamba kamera hufuata mpira. Mtu unayetaka kumpima anakaa pembeni mwa kioo, au hayumo kabisa. Ndiyo sababu nawaambia vijana waende uwanjani angalau mara moja kwa msimu, hata kama ni mechi ya shule. Desemba 2017 fainali ya CECAFA ilichezwa hapa kwetu, uwanja wa Kenyatta mjini Machakos, Kenya na Zanzibar wakatoka 2-2 kabla ya Kenya kushinda kwa mikwaju ya penalti. Aliyekuwa jukwaani siku ile alikuwa na uhuru ambao mtazamaji wa runinga hana: kuyatoa macho kwenye mpira akayaweka anakotaka.

Baada ya shingo, tazama mwili. Kiungo anayepokea akiwa ameupa mgongo lango la adui hana budi kurudisha mpira alikotoka. Anayepokea akiwa amesimama upande, bega moja kwa beki wake na jingine kwa mshambuliaji, anaweza kwenda popote. Angalia pia mguu anaoutumia: ule wa mbali na mpira humwezesha kugeuka kwa mguso mmoja. Ni sentimita chache tu, na ndizo zinazotenganisha mchezaji wa mamilioni na mchezaji wa Jumamosi.

Pasi yenyewe nitaisema kwa kifupi, kwa kuwa ndiyo kila mtu anayoiangalia. Usihesabu ngapi zimefika. Takwimu za asilimia tisini humpendelea mwoga. Uliza pasi ilimkuta mwenzake kwenye mguu gani, ilikuwa na kasi gani, na ilivuka watu wangapi. Pasi iliyopigwa kwenye mguu wa mbali, kwa kasi ya wastani, humwambia mpokeaji: geuka, uko salama. Ya mguu wa karibu na yenye moto humwambia: irudishe haraka, mtu yuko mgongoni. Na ile ya kurudi nyuma, ambayo yule dereva aliidharau, mara nyingine ni chambo. Adui anaifuata, nyuma yake panabaki pengo, na pasi ya tatu ndiyo inayoua. Shabiki anayepiga miluzi pasi ya kwanza huwa hajakumbuka hayo mpira unapotinga wavuni.

Kukaba kunawadanganya wengi. Tunapenda anayeteleza kwenye nyasi, kaptura imejaa tope, uwanja unamshangilia. Mimi huuliza kwanza: kwa nini imembidi ateleze? N'Golo Kanté alinyang'anya mipira kwa miguu inayokimbia, akabeba taji na Leicester mwaka 2016 na jingine na Chelsea mwaka uliofuata. Sergio Busquets alikuwa na mwendo wa mtu anayetafuta funguo zake, ila mpira ulimkuta amekwisha kusimama pale utakapodondokea. Wote wawili ni mafundi, kwa njia mbili tofauti. Alama ya kutazama ni mahali anaposimama wakati timu yake inashambulia. Wenzake wakiwa kwenye boksi la adui wanangoja kona, yeye yuko wapi? Kama naye yuko mbele anatafuta bao la kupigia picha, siku moja shambulizi la kushtukiza litampita, na lawama itamwangukia beki asiye na kosa.

Hapa ndipo inapobidi kuzungumzia mfumo, maana hakuna kiungo mzuri hewani. Namba sita anayecheza peke yake mbele ya mabeki kwenye 4-3-3 anahitaji utulivu na akili ya nafasi kuliko misuli. Ukimweka mtu huyohuyo kwenye 4-2-3-1, ana mwenzake kando, na swali linabadilika: je, wanakamilishana? Wawili wanaopenda kupanda pamoja ni hasara. Wawili wanaobaki pamoja ni usingizi.

Mfano wangu wa siku zote ni Victor Wanyama, na si kwa sababu ya bendera. Alipitia AFC Leopards, klabu aliyoichezea baba yake, na akiwa Celtic aliifunga Barcelona kwa kichwa Novemba 2012, usiku ule Waskoti waliposhinda 2-1. Southampton wakamnunua mwaka 2013 kwa pauni milioni 12.5. Lakini anayetaka kumwelewa asianzie kwenye mabao yake, hata lile kombora la Anfield la Februari 2018 linalozunguka kwenye simu mpaka leo. Aanzie kwenye msimu wa 2016/17 wa Tottenham. Wanyama alicheza mechi 36 za ligi. Tottenham walimaliza wa pili kwa pointi 86, wakafungwa mabao 26 tu, machache kuliko timu nyingine yoyote msimu ule. Kando yake alikuwa Mousa Dembélé, mtu wa kuubeba mpira kupita katikati ya watu kama anayevuka soko siku ya mnada. Mmoja alifunga mlango, mwingine akatoka na mpira. Tulipokuwa tunamwimba Harry Kane, Mkenya wetu alikuwa anafanya kazi ya mfereji.

Kwa Arsenal swali lilikuwa hilohilo. Declan Rice aliletwa mwaka 2023 kwa pauni milioni 100 na nyongeza, akawekwa mara nyuma, mara mbele. Akipata mtu wa kumkalia nyuma kwa utulivu, Rice anaachiwa miguu yake mirefu ikimbie. Kwa hiyo Zubimendi hapimwi kwa anachofanya yeye peke yake. Nusu ya alama zake ziko kwenye miguu ya Rice.

Na bei? Isikupumbaze. Moisés Caicedo aliiendea Chelsea mwaka 2023 kwa ada iliyoweza kufika pauni milioni 115, na katika mechi yake ya kwanza, dhidi ya West Ham, akasababisha penalti. Ukumbini tulicheka mpaka mabenchi yakalia. Baadaye akawa nguzo ya timu ile, na waliocheka zaidi wamesahau kwamba walicheka.

Mimi mwenyewe nina deni la namna hiyo. Liverpool walipomnunua Fabinho kutoka Monaco mwaka 2018, miezi ikapita akiwa kwenye benchi. Hadi mwisho wa Oktoba ndipo alipoanza mechi yake ya kwanza ya ligi. Nilisimama mbele ya watu nikasema wamenunua mti. Fundi mmoja wa pikipiki akaniwekea dau la sahani ya muthokoi. Juni iliyofuata Fabinho alianza fainali ya Ligi ya Mabingwa, Liverpool wakalibeba kombe, na mimi nikalipa, tena na chai juu. Tangu siku ile nimejiwekea sheria: kiungo mpya simtolei hukumu kabla ya mechi kumi, na angalau tatu kati ya hizo ziwe ambazo timu yake imebanwa. Kila mtu ni fundi timu ikiongoza 3-0.

Mtu wa kwanza usiyepaswa kumsikiliza ni yule mwenye video fupi. Kipande cha sekunde ishirini kinafaa kumpima winga, kinafaa kumpima kipa. Kiungo hakimfai, kwa kuwa kazi yake iko kabla ya tukio, na mkata video huanzia kwenye tukio.

Kuhusu Zubimendi, hukumu yangu niliitoa mapema kuliko sheria yangu inavyoruhusu: amefaulu. Shingo inageuka. Anapokea akiwa upande. Hajipigi kifua. Mtu aliyeingizwa badala ya Rodri baada ya mapumziko katika fainali ya Euro 2024, Hispania ikashinda 2-1 bila watu kumkumbuka aliyetoka, ni mtu anayeijua kazi yake.

Yule dereva naye alimkubali, kwa sababu zake. Septemba 13 Zubimendi aliifunga Nottingham Forest mabao mawili, la kwanza kwa kiki ya hewani kutoka nje ya boksi, mpira wa kona ulipoondoshwa. Kesho yake dereva akaniletea simu mpaka mlangoni, akiwa na furaha kama ya mtu aliyelipwa deni. Nikamwambia arudishe nyuma sekunde chache, nione jinsi Zubimendi alivyochagua pale pa kusimama akingoja mpira wa pili. Akajaribu mara mbili. Video ilikuwa inaanzia kwenye shuti.