Machozi ya Njia Mbili Mbili

Kila tunaposahihisha hadithi fupi za wanafunzi wetu hapa Mbarara, tunakutana na machozi yale yale. Mhusika akifiwa, machozi humtiririka njia mbili mbili. Akiogopa, moyo humdunda. Akipata habari mbaya, huanguka pu kama gunia la viazi. Kisarufi hakuna kosa. Ila misemo hiyo inamwarifu msomaji kwamba pana huzuni bila kumwonyesha ni huzuni ya nani.

Tulisoma hadithi mbili hivi karibuni. Katika ya kwanza, mama wa Makenke, jirani na kambi ya jeshi, analetewa habari ya kifo cha mwanawe askari. Analia aya nzima, na methali tatu juu yake. Hatukuguswa. Ya pili iliandikwa na mwanafunzi aliyekulia katika makazi ya wakimbizi ya Nakivale, wilayani Isingiro. Mama amefiwa na mtoto, lakini siku ya mgao wa chakula anapanga foleni na kadi ile ile yenye jina la marehemu. Karani anauliza, nyumbani mko wangapi? Mama anajibu, "Tuko batano," kisha anaangalia chini. Neno machozi halimo. Je, amedanganya kwa ajili ya unga, au hawezi kumtoa mtoto katika hesabu? Mwandishi hasemi, na tunaona amefanya vyema.

Mwenzetu mmoja alitaka "batano" ikatwe alama. Hatukubaliani naye. Msimulizi na atumie Kiswahili sanifu, lakini mama huyu katoka Kongo, na ndivyo anavyohesabu watoto wake.

Euphrase Kezilahabi alilijua jambo hili. Katika Rosa Mistika (1971), Zakaria anamchapa bintiye kwa sababu ya barua ya mvulana. Uzito wa kipigo kile tunauona baadaye, Rosa anapowakwepa wavulana shuleni, na zaidi anapopata uhuru asioujua namna ya kuutumia. Hofu imegeuka tabia.

Labda tatizo letu lina historia. Waganda wengi walikijua Kiswahili kama lugha ya amri za askari, hivyo mwanafunzi wa Mbarara akitaka kulia kwa Kiswahili huazima machozi ya kitabuni. Nakivale, ambako wamekutana Wakongo, Warundi, Wanyarwanda na wengineo, lugha hii inatumika sokoni na matangani pia. Lakini hata mtoto wa Makenke ana mali yake: anajua mtu anavyoshtuka akisikia "Simama hapo!" gizani. Mbona haandiki hilo? Pengine kwa sababu sisi walimu humpa alama kwa ajili ya gunia la viazi.

Tunapendekeza zoezi moja: mwanafunzi aandike tukio la msiba bila kutumia maneno machozi, moyo wala huzuni. Walimu watakaolijaribu watuletee watakachopata, hata kikiwa kibaya.