Miji Isiyo na Watu: Vielelezo vya Kingelez Vikitazamwa kutoka Kalemie

Bodys Isek Kingelez (1948-2015) huhesabiwa na wahakiki wengi kuwa fundi wa ndoto za furaha. Hukumu hiyo ni nusu tu. Msanii huyo, mzaliwa wa kijiji cha Kimbembele Ihunga, alihamia Kinshasa mwaka 1970, akawa mkarabati wa kazi za sanaa katika makumbusho ya taifa, kisha akajitolea kujenga majumba na miji midogo kwa karatasi, maboksi na plastiki. Maonyesho ya Magiciens de la Terre, Paris, mwaka 1989, yalieneza jina lake. Mwaka 2018 jumba la MoMA la New York lilimwandalia maonyesho makubwa, naye amekwisha kufariki.

Ndani ya miji hiyo hamna mtu. Katika Kimbembele Ihunga (1994), kijiji cha wakulima kimepewa maghorofa, benki na uwanja wa mpira, lakini hakuna achezaye wala ashangiliaye. Ville Fantôme (1996) inakiri hivyo kwa jina lake: mji wa mzuka. Maumbile nayo yamegeuzwa pambo. Petali na nyota zimehamia kwenye kuta.

Msomaji wa Kalemie hana budi kulitua macho jambo hili. Mji wake, ulioitwa Albertville enzi za Wabelgiji, nao ulipangwa na watu waliotazama kwanza reli na bandari. Reli ya kutoka Kabalo ilifika ziwani mwaka 1915. Wenyeji waliingia katika mpango huo kama vibarua. Ziwa Tanganyika, ambalo maji yake hayana njia nyingine ya kutokea ila mto Lukuga, halikushauriwa, na mwaka 2024 lilifurika hadi mitaani.

Hata hivyo, kumweka Kingelez kundi moja na wapangaji hao si haki. Mwaka 1991, mwaka ule ule Kinshasa ilipoporwa na askari, yeye alijenga kielelezo cha kituo cha kutibia wagonjwa wa Ukimwi. Ajengaye hospitali amekwisha kumfikiria mgonjwa, hata kama hakumchonga. Utupu wa miji yake, basi, wafaa usomwe kuwa ni nafasi iliyotengwa, wala si dharau. Udhaifu wake uko kwingine: katika miji yote hiyo ya karatasi, hakuna jengo hata moja lionekanalo kuitambua mvua.