Ritifaa ya Mang'onyi

Mang'onyi ni kata ya Wilaya ya Ikungi, hapa hapa mkoani Singida. Mwanzoni mwa msimu huu mkulima mmoja wa huko alileta magunia manne ya alizeti kwa mama mwenye mashine ya kukamua hapa Mandewa, nami nikakaa pembeni na kompyuta yangu mapajani nikisubiri kumwandikisha. Asubuhi nzima nilikuwa nimemsifia mama programu niliyomuundia kwa msaada wa chatiboti. Nikaandika jina la mteja, nikaandika magunia, nikaandika anakotoka, nikabonyeza Hifadhi. Kioo kikajaa Kiingereza. Nilichoambulia ni kwamba sentensi niliyoipeleka kwenye kanzidata ina kosa, na kosa liko karibu na neno "onyi".

"Imekataa?" mama akauliza.

"Imekataa, mama."

"Basi mwandike kwenye daftari, mwanangu. Mtu asikae juani kwa sababu ya kompyuta."

Usiku ule sikulala mapema. Lugha inayotumika kuzungumza na kanzidata hufunga maneno ya mtumiaji kati ya alama mbili, na alama yenyewe ni ileile tunayoiita ritifaa, ile iliyokaa juu ya ng' ya ng'ombe. Mashine ilipofika Mang ikadhani jina limekwisha. Onyi ikaipokea kama amri, na amri ya namna hiyo haiijui. Waayalandi wenye majina kama O'Brien wameteswa na alama hii miaka mingi. Sisi wa Singida tumeipata kwa jina la kata.

Kilichonitia baridi ni upande wa pili wa jambo hilo. Kama onyi inaweza kupokewa kama amri, basi mtu mwenye nia mbaya anaweza kuandika amri kamili mahali pa jina la kijiji, na orodha yote ya wateja ikafutika. Tundu hili linajulikana kwa mafundi duniani kote, na dawa yake ni ya zamani: sentensi hupelekwa peke yake ikiwa na nafasi tupu, na maneno ya mtumiaji hufuata nyuma yake, yasipate kamwe nafasi ya kujifanya amri. Nikaiuliza chatiboti iliyoniandikia msimbo ule kwa nini haikufanya hivyo. Ikaomba radhi kwa adabu nyingi, kisha ikanipa njia sahihi pamoja na maelezo yaliyonyooka. Ilijua siku zote. Hakuna aliyekuwa ameiuliza.

Tangu siku ile ndipo nilipoanza kuuona ulipo ufundi huu wa kuunda programu nyumbani kwa msaada wa chatiboti, nami nataka kuusifu.

Niseme kwanza ninachofanya jioni, maana hata jirani zangu wanadhani ninatazama mpira. Nina kompyuta ya mtumba. Ndani yake nimeweka XAMPP, kifurushi cha bure chenye seva ya Apache, kanzidata na lugha ya PHP. Ninachoandika ninakihifadhi kwenye folda moja, kisha ninafungua kivinjari na kuita 127.0.0.1. Anwani hiyo kila kompyuta duniani huitumia kujiita yenyewe. Ukiiita hutoki nje ya nyumba. Hulipii jina la tovuti wala pango la seva, na hakuna anayekuona ukikosea. Ninaharibu, ninacheka, ninarekebisha.

Kuna watakaosema hiyo si tovuti, ni mchezo wa chumbani. Hao niwakumbushe kwamba seva ya kwanza kabisa ya wavuti ilikuwa kompyuta ya mezani ya Tim Berners-Lee pale CERN, Uswisi, mwishoni mwa mwaka 1990. Alibandika karatasi yenye onyo la wino mwekundu kwamba mashine hii ni seva, isizimwe. Nami niliwahi kubandika karatasi kama hiyo. Umeme wa hapa hausomi karatasi, nikaibandua.

Uzuri wa seva ya nyumbani unaonekana zaidi mtu wa pili anapojiunga. Ninawasha hotspoti ya simu, kompyuta inaingia, na kijana anayepima mafuta kule nyuma anaingia kwa simu yake. Anafungua ukurasa uleule, anajaza madumu, na bando halipungui hata chembe, kwa kuwa hakuna kinachokwenda mbali zaidi ya ukuta wa banda. Jambo hili lilinigharimu jioni tatu kabla ya kugundua kwamba ulinzi wa Windows ulikuwa unawafungia wageni mlango. Lakini likishakaa, limekaa. Mei 12, 2024, nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilipokatika, Tanzania na jirani zake wengi walibaki na intaneti ya kuchechemea. Programu iliyo ndani ya banda haingeujua msiba huo.

Sasa nije kwenye hizo chatiboti. Teknolojia iliyo ndani yake wapo wanaoiita akili mnemba, wapo wanaoiita akili unde. Mimi napenda unde, kwa kuwa ndani yake mna kuunda. ChatGPT ilifunguliwa kwa umma Novemba 30, 2022. Zikafuata nyingine, na karibu zote zina mlango wa bure. Mlango huo una bawabu. Ukiuliza sana unaambiwa umefikia kikomo, urudi baada ya saa kadhaa. Mwanzoni nilikasirika. Baadaye nikaona kwamba kikomo kile kinanifundisha kuliko majibu. Kwa kuwa maswali ni ya kuhesabu, ninayaandika kwanza kwenye karatasi. Ninataja nilichotaka, nilichofanya, kilichotokea, na maneno ya kosa kama yalivyo, herufi kwa herufi. Mara nyingi, nikifika mstari wa tatu, jibu nimekwisha kuliona na swali halina kazi tena. Wahenga walisema kuuliza si ujinga. Kuuliza vizuri ni nusu ya kazi yenyewe.

Nusu nyingine ni kuijua shughuli unayoiundia programu, na hapo chatiboti ni mgeni wa kutoka mbali. Ina lugha zote za programu kichwani, lakini haijawahi kusimama kwenye banda la alizeti. Niliitajia magunia, ikayageuza yote kuwa kilo mia mia. Gunia la alizeti halifikii gunia la mahindi kwa uzito, hata kama mfuko ni uleule, kwa sababu mbegu ya alizeti ni nyepesi na ina maganda. Na ukihamia kwenye vitunguu, ambavyo mkoa wetu unavijua, utakutana na lumbesa, gunia lililoshonewa kofia juu. Wakala wa Vipimo wanalipiga vita, na linaendelea kupakiwa. Unaliandikaje kwenye kanzidata? Nikaamua kwamba programu isigeuze gunia kuwa kilo kamwe. Ipokee uzito wa mzani, au ikatae. Huo ni uamuzi wa mstari mmoja, na hakuna chatiboti ambayo ingeweza kunifanyia.

Mashudu nayo yalinichekesha. Chatiboti iliyaweka kwenye safu ya takataka. Mama alipoona akanishangaa: "Takataka? Hayo ndiyo yanayolisha ng'ombe wa watu!" Mafuta na mashudu vyote ni mali, na wakati wa kugawana ndipo maneno hutokea. Mashudu sasa yana safu yake, yenye kilo na jina la aliyeyachukua.

Halafu kuna namba za simu. Chatiboti iliniwekea safu ya simu kama tarakimu za kujumlisha, na sifuri ya mwanzo ikaanguka kwa kila mteja. Nikajiona mjanja, nikaanza kuandika 255 mbele. Jioni moja nikatazama orodha nikakuta wateja kumi na tisa, wote wana namba moja: 2147483647. Nilidhani nimevamiwa. Kumbe hiyo ndiyo namba kubwa kuliko zote inayoenea kwenye safu ya aina ile, na kila kilichozidi hapo kilikatwa kikakalishwa kwenye dari. Namba ya simu haijumlishwi na haigawanywi. Ni jina lililoandikwa kwa tarakimu, na inapaswa kuhifadhiwa kama maandishi. Nimesoma mambo mengi ya kompyuta nikayasahau. Hili siwezi kulisahau.

Mafundi wa zamani hunisema. Chatiboti imekuandikia, wewe ufundi wako uko wapi? Swali ni halali. Kuna vijana wanaobandika msimbo wasioweza kuusoma, na siku ukivunjika hubandika mwingine juu yake, mpaka kazi inakuwa kama paa lililozibwa kwa viraka vya mifuko. Nilikuwa mmoja wao. Lakini fundi cherehani naye hafumi kitambaa. Anampima mtu, anajua bega lipi limeshuka, anakata mara moja. Sharti nililojiwekea ni hili: mstari nisioweza kumweleza mama kwa Kiswahili hauingii. Imebidi niachie mbali mapambo mengi kwa sababu hiyo, na programu imebaki na kurasa nne tu. Sijutii.

Lipo sharti jingine ambalo si la hiari. Majina na namba za wateja hazibandikwi kwenye chatiboti, hata ukiwa umekwama usiku wa manane. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ilipitishwa mwaka 2022 ikaanza kutumika Mei 2023, na mkulima aliyenipa namba yake alinipa ili aitwe mafuta yakiwa tayari. Kwa majaribio nina kijiji cha watu wa kubuni. Wanaleta alizeti kila usiku, hawachoki. Zipo chatiboti ndogo za kuendeshwa ndani ya kompyuta yako mwenyewe bila intaneti, na nimezijaribu. Kwenye mashine yangu zinajibu neno kwa neno kama mtu anayehesabu sarafu, na Kiswahili chao kina ukakasi. Nitazirudia nikipata mashine yenye nguvu.

Wakati mwingine nikiwa nasubiri kikomo kiishe huwaza tulikotoka. Kompyuta ya kwanza ya nchi hii ilifungwa Wizara ya Fedha mwaka 1965, na mwaka 1974 Serikali ikapiga marufuku kuingiza kompyuta. Baba yangu alikuwa kijana wakati huo. Leo mwanawe anajenga seva Mandewa, mtaa ambao wengi wa mkoani wanaufahamu kwa kwenda kuona wagonjwa Hospitali ya Rufaa, na kikwazo chake kikubwa ni ritifaa.

Yule mkulima alirudi kuchukua mafuta yake. Nikaandika Mang'onyi kwa kidole kinachotetemeka kidogo, nikabonyeza Hifadhi, ukurasa ukajibu kwa Kiswahili kwamba imehifadhiwa. Nikamgeukia mama nikitarajia pongezi. Alikuwa anamhesabia mteja madumu. Alipomaliza akavuta daftari lake la kaunta, akaandika jina lilelile kwa kalamu ya bluu, ritifaa yake juu, akanitazama.

"Mpaka msimu uishe tutaandika kote kote," akasema.

Msimu haujaisha. Kompyuta inakaa juu ya debe lililopinduliwa, mbali na vumbi la mashine, na kila jioni tunalinganisha. Wiki hii programu imekosea mara moja. Daftari halijakosea.